Mhariri Aliyesubiri Sherehe Ipite

Baba yake Gebhard Sievert alikuwa kinyozi, na enzi hizo, katika miji iliyo chini ya milima ya Harz, kinyozi hakuwa mtu wa nywele tu. Aling'oa meno, alipasua majipu, aliunga mifupa ya wachimba madini, na siku za soko aliwatoa watu damu mpaka beseni likajaa. Mama yake alifariki Gebhard akiwa hajaota meno yote. Aliyemlea ni dada yake Ottilie, aliyemtangulia kwa miaka tisa, msichana mwembamba mwenye ulimi mkali kuliko wembe wa baba yake. Ottilie alishona mashati ya watu ili Gebhard asome shule ya Kilatini. Jioni alimsikiliza akikariri, na kwa kusikiliza huko Kilatini kikamwingia yeye kwanza.

"We Gebhard, hilo neno unalitafuna kama ngozi ya kiatu," alimwambia huku sindano ikienda. "Hebu rudia."

Gebhard alirudia. Alikuwa mtoto wa kurudia, asiyependa kugombana na mtu. Tabia hiyo ilimfikisha mbali, na ikamfikisha pabaya.

Alipokwenda kusomea upasuaji katika chuo cha Albersrode, wenzake walikuwa wana wa mahakimu na makanali. Nyuso zao zilikuwa na makovu ya upanga, maana vijana wa vyuo vya kule huchanjana mashavu kwa makusudi na kujisifia. Siku ya kwanza walimuuliza mtoto wa kinyozi kama amekuja kuwanyoa. Aliyewanyamazisha ni Profesa Leberecht Hohnstedt mwenyewe, pande la mtu, sauti yake ikisikika kabla hajafungua mlango.

"Mtacheka mkishajua kushona kidonda," aliwaambia. "Mikono ya huyu imeijua ngozi ya mtu tangu utotoni. Yenu imejua nini, zaidi ya bilauri za bia?"

Toka siku hiyo Gebhard alikuwa mtu wa Hohnstedt, mwili na roho. Vita na Wafaransa vilipokuja, walikata miguu ya askari pamoja ndani ya kanisa, wamesimama juu ya majani makavu yaliyolowa damu. Siku moja Gebhard aliishiwa nguvu, msumeno ukamponyoka. Profesa alimketisha kwenye benchi la kanisa, akamnywesha brandi yake mwenyewe, akaumaliza ule mguu peke yake, wala hakumsimulia mtu. Mtu aliyekusitiri namna hiyo, baadaye utamkosoa kwa mdomo gani? Waswahili husema heshima si utumwa. Gebhard angeisikia mapema methali hiyo, pengine ingemfaa.

Vita vilipokwisha Profesa alimpa kazi mbili. Asubuhi alikuwa mpasuaji katika hospitali ya chuo, na mchana alikuwa mhariri wa Jarida la Upasuaji, lililotoka kila wiki na kusomwa kutoka mpaka wa Uswisi hadi Bahari ya Baltiki. Kwa kisu alikuwa mzuri, si wa ajabu. Kwa kalamu alikuwa wa ajabu. Wapasuaji wakubwa wa Ujerumani waliandika sentensi ndefu ambazo kitenzi chake msomaji alikingoja mpaka mwisho, kama treni iliyochelewa. Gebhard alizikata sentensi hizo, akazisafisha, akazishona, na wenyewe wakadhani walizaliwa wanajua kuandika.

Hakuoa. Ottilie naye hakuolewa. Waliishi pamoja juu ya duka la mkate, na kila Alhamisi walisoma prufu, kurasa za majaribio za jarida, kutafuta makosa. Ottilie alisoma kwa sauti, pamoja na alama zote, mkato, nukta, aya mpya, na Gebhard alifuata kwa kalamu kwenye karatasi nyingine. Mezani palikuwa na kahawa na keki ya plamu. Mtu aliyepita ngazini aliwasikia wakicheka, maana Ottilie hakuweza kusoma makala ya profesa yeyote bila kumchamba.

"'Mimi binafsi, mkato, kwa unyenyekevu wote, mkato, nilikuwa wa kwanza duniani, nukta.' Unyenyekevu gani huo, jamani? Huyu hata akipiga chafya husema ya kwanza duniani."

"Soma, dada."

"Nasoma. Wewe ndiye unayecheka."

Basi, huko milimani maradhi ya shingo ni mengi. Rovu, uvimbe wa tezi la shingo, humwota mtu taratibu, mwanamke akalifunika kwa utepe wa mahameli, mwanamume kwa ndevu, na maisha yakaendelea. La Ottilie lilianza kama yai la njiwa. Lilipofika ukubwa wa ngumi lilimbana koo, akawa anapanda ngazi za nyumbani kwa vituo. Profesa Hohnstedt alikuwa bingwa wa marovu. Wengine waliogopa kuligusa tezi hilo kwa sababu ya damu, lakini yeye alikuwa amejifunza kulitoa lote, safi, mgonjwa akapona na kurudi kwake. Alimkata Ottilie kwa mkono wake, bila malipo, kwa kuwa madaktari wa kule hawalipishani kwa ndugu zao.

Kidonda kilifunga vizuri mno. Kovu likawa jembamba, likajificha kwenye mkunjo wa shingo. Wapasuaji walipokutana Berlin, Ottilie aliketishwa kwenye kigoda mbele yao, mabwana wakapita mmoja mmoja na miwani yao, wakainama, wakasifu. Gebhard mwenyewe aliiandika habari hiyo katika jarida, akamaliza kwa maneno "amepona kabisa." Mwenye kovu usidhani kapoa. Hilo nalo Waswahili walikuwa wamekwisha kulisema.

Mwanzo ilikuwa baridi. Ottilie alivaa shali mbili mwezi wa Julai, akaketi karibu na jiko. Kisha uso ukamvimba, ukawa mweupe kama unga uliokandwa, macho yakazama. Nywele zilibaki kwenye kitana. Sauti ikawa nzito. Ule ulimi uliokuwa ukiwanyoa maprofesa ukaanza kuchelewa. Alianza tusi zuri, akalisahau katikati, akabaki anatazama keki.

Makosa yakaingia kwenye jarida. Mgonjwa mmoja alikatwa mguu wa kushoto ukurasa wa kwanza, na ukurasa wa tatu alikuwa amekatwa wa kulia. Mwenye makala aliandika barua ya matusi. Gebhard, ambaye hakuwahi kumkaripia mtu, alimkaripia dada yake.

"Ulikuwa umelala, dada?"

"Nilisoma..." Ottilie alisema. "Nilisoma nilichokiona."

"Basi uangalie vizuri! Watu wanatucheka."

Zamani Ottilie angemjibu kabla hajamaliza, akamnyamazisha kwa wiki nzima. Sasa aliokota kitambaa, akaanza kufuta meza iliyokuwa safi. Gebhard alitoka nje akiwa na hasira, na chini ya hasira ile palikuwa na woga ambao hakutaka kuutazama. Alijiambia ni uzee. Alijiambia ni majonzi ya mwanamke asiye na mume. Mpasuaji mzima, anaishi na mgonjwa nyumba moja, anakula naye, na alimwona kila mtu isipokuwa yeye.

Mwezi wa Januari ilifika makala ya Daktari Kuhlmey, mganga wa kijiji kimoja cha wachimba madini huko juu. Mwandiko wake ulikuwa mbaya, Gebhard akampa Ottilie aisome kama kawaida ili waone inafaa au haifai. Kuhlmey alikuwa amewatafuta watu wa eneo lake waliotolewa marovu na wapasuaji wakubwa na kurudishwa makwao wakisemekana wamepona. Hakuna mpasuaji aliyewahi kupanda mlima kuwatazama tena. Yeye aliwatazama.

"Wa kwanza, mkato," Ottilie alisoma polepole, "ni mke wa mchimba madini, mkato, aliyekuwa mchangamfu, nukta. Tangu akatwe anaona baridi hata kiangazi, nukta. Uso umevimba, mkato, nywele zinatoka, mkato, maneno yanamjia kwa taabu, nukta. Mume wake anasema, nukta mbili..."

Gebhard alikuwa ameinama juu ya karatasi, hakuinua kichwa.

"Mume wake anasema nini?"

"Anasema, 'Walinirudishia shingo, wakabaki na mke wangu.'" Ottilie aliweka karatasi chini. "Gebhard. Huyu mtu... aliniona wapi?"

Hakulia. Alikuwa kama mtu aliyepotea njia siku nyingi, sasa amekuta kibao. Aliyelia ni Gebhard. Makala yote waliisoma siku ile. Waliotolewa nusu ya tezi walikuwa wazima, waliotolewa lote ndio walioharibika. Watoto waliharibika zaidi, maana waliacha kukua, mwili na akili. Kuhlmey alimaliza kwa maneno machache: mbakizieni mgonjwa kipande, nawaombeni.

"Ichape," Ottilie alisema.

"Nitaichapa."

"Wiki hii."

Hapo ndipo Gebhard alipoanza kukunja na kukunjua leso yake. Mwaka ule Profesa Hohnstedt alikuwa anatimiza miaka sabini. Kule, mwalimu mkubwa akifika sabini, wanafunzi wake wote humwandikia kitabu cha heshima, kila mmoja makala yake, na mwaka huo hakuna anayemkunjia mzee uso. Ni mila, haikuandikwa popote, na anayeivunja hatoalikwa tena mezani. Mhariri wa kitabu alikuwa Gebhard. Sherehe ilikuwa Aprili.

"Baada ya sherehe, dada. Mara tu baada ya sherehe. Nikiichapa sasa watasema nimemtemea mzee mate kwenye keki."

Ottilie alitafuta neno, akalipata. "Wangapi... watakatwa kabla ya Aprili?"

Gebhard aliitia makala kwenye mtoto wa meza.

Jarida lilichapwa na Bwana Konrad Mewes, kwenye mtaa wa watengeneza ngozi. Alikuwa mjane, mtu mfupi mwenye vidole vyeusi kwa wino, na kila kitu cha jarida alikipanga herufi kwa herufi kwa mkono wake, kwa kuwa hakumwamini mtu mwingine na maneno ya Kilatini. Alikuwa na mtoto mmoja, Alwine, binti wa miaka kumi na miwili aliyecheka kwa nguvu hata kanisani, na shingoni alikuwa na rovu dogo lililoanza kumkera. Mwezi wa Februari Mewes alipanda ngazi za Gebhard mbili mbili.

"Bwana Daktari, umesikia? Profesa kamchagua Alwine wangu! Siku ya sherehe, mbele ya wageni wote kutoka Vienna na wapi sijui, atamkata yeye. Kwa heshima! Mimi ndiye nitakayechapa kadi za mwaliko, na kwenye kadi nitachapa upasuaji wa mwanangu."

"Hongera," Gebhard alisema, macho yake yakiwa kwenye mtoto wa meza.

Kwa haki yake, siku iliyofuata alikwenda kwa Profesa. Alimkuta na soseji ya damu na viazi, leso kifuani, anasoma majina ya wageni.

"Bwana Profesa, yule mtoto wa Mewes. Nilikuwa nafikiri, tungemwachia kipande cha tezi. Kidogo tu, upande mmoja."

"Kwa nini?"

"Kuna daktari huko milimani, Kuhlmey, ameleta..."

"Kuhlmey! Yule aliyeanguka mtihani wangu mara mbili?"

"Mara ya tatu alipita, Bwana Profesa."

"Nilimwonea huruma, mke wake alikuwa mjamzito." Profesa alicheka, kisha akaweka uma. "Ukiacha mzizi, magugu yanaota tena. Nani kakufundisha kuacha mizizi? Si mimi."

"Dada yangu..." Gebhard alianza.

Uso wa Profesa ulibadilika kidogo, na hapo Gebhard akajua kwamba mzee naye alikuwa ameona. Alikuwa amekutana na Ottilie sokoni kabla ya Krismasi, akavua kofia, na Ottilie hakumtambua haraka.

"Dada yako ana miaka mingapi sasa?"

"Hamsini na minne."

"Basi. Mwanamke wa umri huo hupoa, hunenepa, husahau. Mke wangu alikuwa hivyo hivyo, na shingo yake hakuna aliyeigusa." Alisema hivyo akitazama sahani. Halafu akashusha sauti, na sauti ile kubwa ilipokuwa ndogo ilimuumiza Gebhard zaidi. "Mwanangu, nina miaka sabini. Niache nile keki yangu kwanza. Mwezi wa tano mlete huyo Kuhlmey na karatasi zake, tukae tusome wote. Nakuahidi. Na siku ile wewe ndiye utakayesimama mkabala nami unishikie kulabu. Nimekwisha kuwaambia wote. Mtoto wa kinyozi, mbele ya Vienna!"

Gebhard alirudi nyumbani, na njiani, Mungu amsamehe, alifurahi. Kusimama mkabala na Hohnstedt siku ile! Furaha ilimdumu mpaka kwenye ngazi za nyumbani.

Angeweza kumwambia Mewes. Duka halikuwa mbali, na maneno yalikuwa machache tu: mtoto asikatwe mwaka huu. Lakini wao wana msemo kwamba kunguru hamdonoi kunguru mwenzake jicho, na daktari hamsemi daktari mwenzake mbele ya mgonjwa, sembuse mwalimu wake. Gebhard alikuwa ameishika sheria hiyo kama wengine wanavyoshika amri za Mungu. Kila Mewes alipoleta prufu, aliulizwa habari za Alwine na akazieleza zote, nguo mpya aliyomshonea, jinsi mtoto anavyojigamba kwa wenzake, na Gebhard aliitikia, "Ndiyo, ndiyo."

Aliyekwenda kusema ni Ottilie. Alikuwa hajatoka nje tangu Krismasi. Machi, barafu inayeyuka, mitaa matope matupu, alivaa viatu vya mdogo wake kwa kuwa vyake havikumwingia tena miguuni, akaenda mpaka mtaa wa watengeneza ngozi akishika kuta. Ilikuwa jioni Gebhard alipofungua mlango, akamwona Mewes amemshika dada yake mkono kama wanatoka harusini.

"Bwana Daktari, nimekuletea Bibi Ottilie. Amekaa kwangu, kahawa imepoa tumeiweka tena jikoni. Nikaona ana jambo, nikamngoja. Mwisho kasema Alwine asikatwe." Mewes alicheka, lakini macho yake hayakucheka. "Nikamwambia, Bibi, si wewe mwenyewe ulikatwa ukapona? Shingo yako imeshinda ya malkia! Hakunijibu. Sasa nakuuliza wewe, maana wewe ni daktari. Kuna kitu?"

Gebhard alisimama mlangoni. Ottilie alikuwa katikati yao, viatu vinadondosha matope, mdomo wazi, anatafuta. Alikuwa karibu kulipata, ilionekana usoni mwake, na Gebhard aliona kwamba akingoja kidogo tu litatoka.

"Amechoka," alisema. "Siku hizi kichwa chake kimekuwa... Si unajua mwenyewe, Bwana Mewes."

"Aa!" Mewes alishusha pumzi. Alikuwa baba, alikuwa anataka sana kuambiwa hivyo. "Pole sana, Bibi. Nenda ukapumzike. Alwine atakuja kukuonyesha shingo yake, mtafanana."

Mlango ulipofungwa, Ottilie alikaa kwenye kiti cha jikoni bila kuvua shali. Maneno yake yalikuja moja moja.

"Sikuchoka. Nilikuwa natafuta neno. Wewe ulikuwa nalo."

Gebhard alipiga magoti akamvua viatu, akamsugua miguu iliyokuwa baridi. Hakuweza kumtazama usoni. Alikuwa na neno, kweli, na bado alikuwa nalo, na Mewes alikuwa hajafika hata mwisho wa mtaa. Aliendelea kusugua miguu.

Sherehe ilifana. Mji ulipambwa, wanafunzi walibeba mienge, kitabu cha heshima kilikuwa kinene kiasi cha kuzuia mlango usijifunge, na Profesa alikikumbatia akabubujikwa na machozi. Kesho yake, katika ukumbi wa upasuaji, viti vilijaa mpaka juu. Alwine aliingia mwenyewe kwa miguu yake, akawapungia wageni mkono, watu wakacheka kwa upendo. Klorofomu, dawa ya usingizi, ikamchukua. Gebhard alisimama mkabala na mwalimu wake, akashika kulabu zilizofungua kidonda.

Profesa alifanya kazi nzuri siku ile. Haipendezi kuisema, lakini ni kweli. Mikono ya miaka sabini, na damu haikujaa hata kijiko. Tezi lilipokuwa limebaki limeshikilia upande mmoja tu, Gebhard aliinama mpaka ndevu zao zikakaribiana.

"Bakiza kidogo," alinong'ona. "Bwana Profesa, nakuomba. Hapo tu."

"Uzi," Profesa alisema.

Gebhard alimpa uzi. Tezi likatoka lote, likawekwa kwenye sahani, likainuliwa. Wasomi wa kule wakifurahi hawapigi makofi, hugonga mbao kwa vidole, na ukumbi mzima uligonga mpaka vioo vikatetemeka. Mstari wa nyuma Mewes naye aligonga, kwa ngumi zote mbili.

Mwezi wa tano Profesa alikwenda kwenye chemchemi za maji moto kupumzisha mgongo, na ahadi ikaenda naye. Gebhard Sievert aliishi miaka mingi baada ya hapo. Hakugusa tena shingo ya mtu kwa kisu, na mwishowe kisu alikiacha kabisa akabaki na kalamu. Katika jarida lake alichapa malalamiko ya kila mganga wa kijiji, hata ya wajinga, hata ya walevi, mpaka wakubwa wakamsusa. Waliomzika walimsifu kwa ushujaa wake. Ushujaa huo ulikuja mtu akishakatwa, na aliyejua hivyo vizuri kuliko wote alikuwa Mewes, kwa sababu ya Jumanne moja ya mwezi ule wa Mei.

Gebhard alikuwa ameitoa makala ya Kuhlmey kwenye mtoto wa meza na kuipeleka kwa mpiga chapa pamoja na nyingine, katika bahasha ileile ya kila wiki, bila neno. Alijua nani hupanga herufi. Alijidanganya kwamba Mewes hupanga tu, hasomi. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na siku nne Gebhard hakula. Siku ya tano Mewes alikuja, si Alhamisi, na hakupanda ngazi mbili mbili. Alikuwa na aproni yake ya kazi na prufu mkononi. Ottilie alikuwa ameketi karibu na jiko.

"Bwana Daktari, pana kosa hapa. Nimeona tulisahihishe kabla sijafunga ukurasa."

"Kosa gani?"

Juu ya kila makala, majarida ya kule huchapa siku mhariri aliyoipokea, kwa kuwa mabwana wale hugombana sana nani aliliona jambo kwanza. Gebhard alikuwa ameiandika siku hiyo kwa mazoea, Januari, kwenye pembe ya karatasi, kabla Ottilie hajaanza kusoma. Tangu hapo hakuikumbuka tena.

"Hapa umeandika imepokelewa Januari." Mewes aliweka kidole cheusi juu ya mstari. Sauti yake ilikuwa ya upole kabisa. "Nadhani ulitaka kuandika Mei. Mkono ulichoka. Au mimi nimesoma vibaya, mwandiko wako si mzuri. Niambie tu ni Mei, nibadilishe."

Alikuwa anamwomba. Gebhard aliliona hilo. Neno moja dogo, na Mewes angelipokea kwa mikono miwili, wangeagana, angerudi kazini.

"Ni Januari," alisema.

"Januari."

"Ndiyo."

"Kabla hajakatwa."

"Kabla."

"Na siku ile nilipomleta Bibi hapa?"

"Nilikuwa nimeisoma, Bwana Mewes. Tulikuwa tumeisoma wote wawili."

Mewes hakupaza sauti. Alijifuta vidole kwenye aproni, kimoja kimoja, ingawa wino ule haukuwa wa kutoka.

"Juzi jua lilikuwa kali," alisema. "Watoto wote wako mtoni, wanarushiana maji. Alwine akarudi nyumbani akaniomba shali. Nikamcheka."

Kisha alimwacha Gebhard pale aliposimama, akaenda kwenye jiko, akavuta kiti, akaketi mbele ya Ottilie, magoti yao yakigusana.

"Bibi Ottilie," alisema, "huwa inakuwaje baadaye?"

Ottilie alimtazama, akafungua mdomo, akaanza kulitafuta neno. Mewes alingoja, na Gebhard hakuthubutu kumsaidia.